Neno 'bo' la Kiswidi: Asili ya Neno na Mipaka ya Ushahidi Wake



1.0 Utangulizi

Kiswidi kina neno lenye herufi mbili tu, 'bo', ambalo hutamkwa karibu na 'buu' ya Kiswahili. Likiwa kitenzi, maana yake ni kukaa mahali au kuishi mahali. Likiwa nomino, maana yake ni kiota cha ndege, makao, na pia jumla ya mali ya kaya. Kwa udogo wake, neno hili linaonekana kuwa halistahili mhadhara mzima. Hata hivyo, wataalamu wa isimu historia wanafahamu kwamba maneno mafupi ndiyo yanayotahini mbinu zao kwa ukali zaidi. Neno refu hubeba ushahidi wake mwilini. Neno fupi huweza kufanana na lolote.

Msikilizaji ana haki ya kuuliza sababu ya mada ya Kiswidi kuletwa mbele ya wanafunzi wa Kiswahili. Jibu lake ni kwamba taaluma ya Kiswahili bado inasumbuliwa na makosa mawili yanayohusu asili ya maneno. La kwanza ni kuyahusisha maneno kwa sababu tu yanafanana. La pili ni kudhani kwamba asili ya neno ikishajulikana, basi maana yake ya kweli na mwenyewe halali wamejulikana pia. Neno 'bo' linafaa sana katika kuyachunguza makosa hayo, kwa kuwa historia yake imefanyiwa utafiti wa kutosha, na mshabiki wa lugha za Kibantu hana maslahi ndani yake. Hoja ya mhadhara huu ni moja: etimolojia ni ushahidi wa njia ambayo neno limepita, si hukumu juu ya maana yake ya leo, wala si hati ya kumiliki lugha.

2.0 Neno na Ukoo Wake katika Kiswidi

Kabla ya kurudi nyuma ni vyema kulitazama neno lilivyo. Kitenzi 'bo' kina wakati uliopita 'bodde', na katika lugha ya kale ya Skandinavia kilikuwa 'búa'. Maana za 'búa' zilikuwa pana: kukaa, kulima, kutunza kaya, kuandaa. Nomino yake ilikuwa 'bú', yaani kaya ya mkulima pamoja na vyote vilivyomo.

Kutokana na mzizi huo Kiswidi kimepata maneno mengi. 'Bostad' ni makazi. 'Bohag' ni vyombo na samani za nyumba. 'Boskap', ambalo kwanza lilihusu mali ya kaya, leo ni mifugo. 'By' ni kijiji, 'bygga' ni kujenga, na 'bod' ni kibanda au duka dogo. Kiambishi '-bo' kikiwekwa mwishoni mwa jina la mji huunda jina la mkazi wake, kama vile 'Stockholmsbo'. Hata jina la kiume Bo, ambalo ni la kawaida nchini Uswidi, lilianza kwa maana ya mkazi.

Neno 'bonde' linahitaji kuangaliwa kwa makini. Kwa umbo ni sifa iliyotokana na kitenzi 'búa', maana yake 'akaaye'. Akaaye akawa mwenye kaya. Mwenye kaya akawa mume. Na kwa kuwa mwenye kaya alikuwa mkulima huru, neno likaishia kumtaja mkulima. Katika mawe ya kumbukumbu yenye maandishi ya runi ya karne ya 11, wajane walilitumia neno hili kuwataja waume zao waliofariki. Hadi mageuzi ya mwaka 1866, wakulima hao walikuwa na baraza lao katika bunge la matabaka manne la Uswidi. Leo neno hilohilo hutaja pia kete ndogo kuliko zote katika mchezo wa sataranji. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka 'mwenyeji', yaani mwenye mji, ambalo nalo lilianza kwa kutaja uhusiano wa mtu na mahali, likaja kumtaja yeyote anayempokea mgeni.

Maneno haya yote yameorodheshwa na kufafanuliwa katika kamusi kuu ya Chuo cha Uswidi, 'Svenska Akademiens ordbok', kazi iliyoanza mwaka 1883 na kukamilika mwaka 2023. Miaka 140 ya kuandika kamusi moja ni kipimo cha uzito ambao jamii hiyo imeipa historia ya maneno yake.

3.0 Njia ya Kurudi Nyuma

Je, inajulikanaje kwamba 'bo' lina ndugu nje ya Skandinavia? Hapa ndipo mbinu inapokuwa muhimu kuliko jibu. Rasmus Rask, mtaalamu wa Denmark, katika kitabu chake cha mwaka 1818, na baada yake Jacob Grimm wa Ujerumani mwaka 1822, walionyesha kwamba konsonanti za lugha za Kijerumaniki zinaoana na zile za Kigiriki na Kilatini kwa utaratibu. Kilichotafutwa hakikuwa mfanano, bali ulinganifu wa sauti unaojirudia.

Mathalani, neno la kaka ni 'bhrātar' katika Kisanskriti, 'phrātēr' (kwa maana ya mwanaukoo) katika Kigiriki, 'frāter' katika Kilatini, na 'broder' au 'bror' katika Kiswidi. Kitenzi cha kubeba ni 'bharati' katika Kisanskriti, 'pherō' katika Kigiriki, 'ferō' katika Kilatini, na 'bära' katika Kiswidi. Palipo na 'bh' ya Kisanskriti, pana 'ph' ya Kigiriki, 'f' ya Kilatini na 'b' ya Kiswidi. Jambo hili halitokei mara moja kwa bahati. Linajirudia neno baada ya neno.

Utaratibu huo ukitumika kwa 'bo', ndugu zake hujitokeza wenyewe. Kisanskriti kina 'bhavati', yaani anakuwa au inatokea, na 'bhūmi', yaani ardhi. Kigiriki kina 'phyō', yaani kuotesha au kuota, 'phyton', yaani mmea, na 'physis', yaani maumbile. Kilatini kina 'fuī', yaani nilikuwa, na 'futūrus', yaani kitakachokuwa. Kilituania kina 'būti', yaani kuwa, pamoja na 'butas', yaani nyumba ya kukaa katika jengo. Kiajemi kina 'budan', yaani kuwa. Katika Kiwelisi, 'bod' ni kuwa, na katika majina ya mahali huwa na maana ya makao. Kutokana na ushahidi huu wataalamu wamekisia mzizi *bhū-, nyota ikiashiria kwamba umbo hilo halikuandikwa popote bali limejengwa upya. Maana yake ya awali ilikuwa kuota, kukua, kutokea, kuwa.

Kwa hiyo, njia ya maana katika lugha za Kijerumaniki ilitoka katika kukua na kuwa, ikaenda katika kuwa mahali, kisha kukaa na kulima mahali, kisha kaya, na hatimaye mali ya kaya.

4.0 Kuwa na Kukaa

Matokeo haya yanavutia sana, na kwa sababu hiyo yana hatari. Mwaka 1951, katika mji wa Darmstadt, mwanafalsafa Martin Heidegger alitoa mhadhara juu ya kujenga, kukaa na kufikiri. Alieleza kwamba kitenzi cha Kijerumani 'bauen', kujenga, na umbo 'bin', yaani mimi ni, vina mzizi mmoja. Kutokana na hayo alihitimisha kwamba kuwa binadamu duniani ndiko kukaa. Kuhusu mzizi, hakukosea. Swali ni kama mzizi unaweza kuubeba uzito wa hitimisho hilo.

Jibu limo ndani ya Kiswidi chenyewe. Kitenzi cha kuwa katika Kiswidi cha leo si 'bo' bali ni 'vara', na wakati wake uliopita ni 'var'. Ndugu wa kitenzi hicho katika Kisanskriti ni 'vasati', ambacho maana yake ni kukaa, kulala usiku mahali. Yaani, neno ambalo zamani lilikuwa na maana ya kuwa limekuwa kukaa. Na neno ambalo zamani lilikuwa na maana ya kukaa limekuwa kuwa. Maneno mawili yamepishana njiani na kubadilishana nyumba. Kama asili ya 'bo' inathibitisha kwamba kukaa ni aina ya kuwa, basi asili ya 'vara' inathibitisha kinyume chake, kwamba kuwa ni aina ya kukaa. Ushahidi unaothibitisha pande zote mbili hauthibitishi fundisho lolote kati ya hayo mawili. Unachoonyesha ni kwamba njia kati ya maana hizi iko wazi, na hupitwa kwenda na kurudi.

Wala njia hiyo si ya Ulaya peke yake. Katika Kinyarwanda na Kirundi, 'kuba' ni kuwa na pia ni kuishi mahali: 'Mba i Kigali' maana yake ni 'Ninaishi Kigali'. Kiswahili kimepita njia nyingine, ile ya kuketi: mtu anakaa kitini na mtu huyohuyo anakaa Tanga. Kihispania kimefika mbali zaidi, kwa kuwa kitenzi chake cha kuwa, 'ser', kimepokea sehemu ya maumbo yake kutoka 'sedēre' ya Kilatini, ambayo ni kuketi. Kuketi, kukaa na kuwa ni vituo vya barabara moja. Kila lugha huchagua pa kushukia.

5.0 Mtego wa Mfanano

Baada ya mifano hiyo, mwanafunzi makini anaweza kushawishika kuuliza: je, 'bo' ya Kiswidi na 'kuba' ya Kinyarwanda si ndugu? Yote mawili yana 'b'. Yote mawili yanahusu kuwa na kukaa. Umbo limefanana na maana imefanana, kimebaki nini?

Kimebaki ulinganifu wa sauti unaojirudia, na huo haupo. 'Ba' ya Kinyarwanda ina ndugu zake wanaojulikana. 'Abantu' ya Kinyarwanda ni 'watu' ya Kiswahili. '-Biri' ni '-wili'. 'Kuba' ni 'kuwa'. Sauti *b ya mame-Bantu imebaki 'b' upande mmoja na kulegea kuwa 'w' upande wa pili, kwa utaratibu. Kwa upande wake, 'b' ya Kiswidi inatokana na *bh, na inaambatana na 'f' ya Kilatini na 'ph' ya Kigiriki. Hakuna mfululizo wa maneno ambamo 'b' ya Kiswidi inaoana na 'b' ya Kinyarwanda na 'w' ya Kiswahili. Kuna neno moja tu, na neno moja ni bahati. Maneno ya silabi moja ni machache kimaumbo na lugha za dunia ni nyingi. Ingekuwa ajabu kama yasingegongana.

Mfano wa wazi zaidi ni neno 'mambo'. Waswidi wanalo, na huliandika vivyo hivyo. Kwao ni neno la utani kwa mtu mzima ambaye bado anakaa nyumbani kwa mama yake: 'mamma' na 'bo'. 'Mambo' ya Kiswahili ni wingi wa 'jambo', na mzizi wake ni ule wa kusema unaoonekana katika 'ambia'. Herufi zote zinalingana na historia hazigusani.

Kinyume chake pia ni kweli: ndugu wa kweli huweza wasifanane hata kidogo. Kikuyu kina 'ikara', yaani kuketi au kukaa. Kiswahili kina 'kaa'. Msikilizaji asiye na mafunzo angesita. Lakini Kikuyu kina 'ciara' na Kiswahili 'zaa'. Kikuyu kina 'twara' na Kiswahili 'twaa'. Palipo na 'r' ya Kikuyu, Kiswahili kimeipoteza konsonanti. Zaidi ya hayo, konsonanti iliyopotea haikuondoka kabisa. Katika kauli ya kutendea hurejea ikiwa 'l': 'kalia', 'zalia', 'twalia'. Katika nomino 'makazi' huonekana ikiwa imegeuka 'z', kama ilivyo katika 'lala' na 'malazi'. Kila anayesema 'amekikalia kiti' anatamka, bila kujua, sauti ambayo kitenzi chenyewe kilikwisha kuipoteza. Ushahidi wa aina hii ndio ulioziwezesha kazi za Carl Meinhof mwaka 1899, za Malcolm Guthrie kati ya mwaka 1967 na 1971, na za Derek Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993 kuiweka historia ya Kiswahili juu ya msingi imara.

Mtego wa mfanano una sura nyingine, nayo ni hadithi tamu. Imeenea hadithi kwamba 'boma' ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yaliyohusu utawala wa kikoloni. Hadithi hiyo haisimami, kwa kuwa neno hilo limo katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19, kabla ya ofisi hizo kuwapo.

6.0 Asili si Amri

Limebaki kosa la pili, nalo ndilo lenye madhara makubwa zaidi: kuifanya asili kuwa amri.

Sheria za Uswidi zinatoa mfano mzuri. 'Dödsbo', kwa tafsiri ya sehemu zake, ni 'bo' la marehemu, yaani mirathi yake kabla haijagawanywa. Orodha ya mali yake huitwa 'bouppteckning', na kwa kawaida hutakiwa kufanywa ndani ya miezi 3 baada ya kifo. Neno la pili ni 'sambo', lililoenea tangu miaka ya 1970, kwa watu wawili wanaoishi pamoja kama wenza bila kufunga ndoa. Mtu anayetegemea etimolojia angesema: wanaokaa katika 'bo' moja watarithiana 'bo' hilo. Sheria ya mwaka 2003 inayowahusu haisemi hivyo. Inahusu nyumba na vyombo vilivyopatikana kwa matumizi yao ya pamoja, na wala haimpi mwenza haki ya kurithi pasipo wosia. Mzizi ni mmoja, maana ni mbili, na katikati yake mtu aliyefiwa anaweza kupoteza alichodhani ni chake. Neno halikumdanganya, alikosea kuliuliza swali ambalo si lake kujibu.

Kiswahili nacho kina mfano wake, tena kutoka katika ukoo huohuo. Katika Kiholanzi, mzizi wa 'bo' umetoa 'boer', yaani mkulima, ambaye kwa asili ni mkazi wa mahali. Wakulima wa asili ya Kiholanzi wa Afrika Kusini waliitwa kwa jina hilo, na baadhi yao walifika hadi nyanda za Uasin Gishu nchini Kenya mwaka 1908. Kutokana na 'boer' Kiswahili kimepata 'Kaburu', na kutokana na 'Kaburu', 'ukaburu'. Kwa kizazi kilichosikiliza redio wakati wa mapambano ya kusini mwa Afrika, neno hilo lilikuwa na maana moja: mfumo wa kuwanyima watu makao katika nchi yao. Neno lililoanza kwa kumtaja akaaye limekuja kutaja uhamishaji wa wenyeji. Hakuna awezaye kusimama na kusema kwamba maana ya kweli ya ukaburu ni ukulima.

Kutoka katika tawi jingine, Kiswahili kimepata 'dabi'. Mashabiki wa Simba na Yanga wanapongojea dabi ya Kariakoo, wanatamka jina la mahali nchini Uingereza, Derby, lililoachwa na walowezi wa Kidenmark, ambamo '-by' ni kijiji. Kwa hiyo, mzizi wa 'bo' umo katika Kiswahili kwa njia ya mkopo, ndani ya maneno ambayo hakuna aliyeyashuku; na haumo katika 'kuwa', ambamo mfanano ungetufanya tuutafute.

Ni katika mwanga huu ambapo mjadala wa zamani juu ya asili ya Kiswahili unapaswa kutazamwa. Katika uwanja huu wa makazi, Kiswahili kina 'kaa', 'makazi' na 'mji', ambayo ni ya Kibantu. Kina pia 'ishi' na 'maskani', ambayo ni ya Kiarabu. 'Maskani' linatokana na mzizi s-k-n, wenye maana ya kutulia na ya kukaa. Waliohesabu maneno ya aina ya pili walidai kwamba lugha si ya wenyeji. Waliojibu kwa kuhesabu ya aina ya kwanza walikubali, bila kujua, kwamba kuhesabu ndicho kipimo. Hesabu hiyo haina uamuzi. Nasaba ya Kiswahili imethibitishwa na sarufi yake na ulinganifu wa sauti zake. Mikopo yake inathibitisha jambo tofauti: kwamba wasemaji wake waliishi na watu. Tena, mkopo ukishaingia hufuata maisha ya wenyeji wake wapya. Huko Zanzibar 'maskani' ni pia kijiwe cha mazungumzo na siasa, mahali ambapo utulivu wa mzizi wa Kiarabu ni adimu.

7.0 Hitimisho

Neno 'bo' limeonyesha mambo matatu. Kwanza, udugu wa maneno hujulikana kwa utaratibu wa sauti unaojirudia, wala si kwa sura. Pili, maana husafiri pande zote mbili, kama 'bo' na 'vara' yalivyopishana. Tatu, maana ya neno huamuliwa na wanaolitumia, na haki za watu huamuliwa na sheria na historia yao, si na mizizi.

Yapo matokeo ya kiutendaji kwa watunga kamusi. Kamusi nyingi za Kiswahili huonyesha asili ya neno la mkopo kwa kifupisho cha lugha iliyolitoa, na kuliacha neno la Kibantu bila maelezo yoyote. Kwa utaratibu huo, 'maskani' lina historia na 'kaa' halina. Mwanafunzi anayekua na kamusi ya namna hiyo hujifunza, bila kuambiwa, kwamba kilichotoka nje kina asili na kilicho chake kilikuwapo tu. Kamusi inayofaa ingeweka 'ikara' ya Kikuyu kando ya 'kaa', na 'kuba' ya Kinyarwanda kando ya 'kuwa', kama Waswidi walivyoweka 'búa' kando ya 'bo'. Vifaa vya kazi hiyo vipo tangu karne iliyopita. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wana kazi ya kutosha hapa: neno kwa neno, sauti kwa sauti, na kila dai likiwa na ushahidi wake pembeni.